Certutil, 7-Zip au PowerShell: ipi ya kuhakiki faili ulilopakua

Faili la kusakinishia Ubuntu Desktop 24.04 (mfumo wa Linux), lile la .iso, lina karibu GB 6. Kwa bando la simu hiyo si data ya kuchezea, na kwa Dar njia ya nafuu inajulikana: kulichukua kwa flashi kutoka kwa rafiki au fundi. Hakuna ubaya, mradi alama ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili, na hubadilika faili likiguswa hata kidogo) uitoe mwenyewe kwenye tovuti ya wenye programu. Ukurasa wenye alama hiyo unafunguka kwa simu na hauli kitu kwenye bando. Linalobaki ni kuchagua zana ya kuikokotoa upande wako.

Tumeanza na certutil kwa sababu imo ndani ya Windows tayari. Fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kwenye folda lenye faili, andika:

certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256

Neno la mwisho ndilo linalowaponza watu. Ukilisahau, certutil hailalamiki; inakupa SHA-1, alama ya aina nyingine, nawe unailinganisha na SHA-256 ya tovutini na kutangaza kwamba faili ni bovu. Hesabu urefu kwanza: herufi 32 ni MD5, 40 ni SHA-1, 64 ni SHA-256, 128 ni SHA-512. Kwenye kompyuta za steshenari ambazo bado zina Windows 7, certutil huweka nafasi kila baada ya herufi mbili, basi usishangae. Jina la faili lenye nafasi ndani yake lifunge kwa alama za nukuu. Kasoro yake kubwa ni kwamba hailinganishi. Inakuachia macho, na macho yaliyochoka hutazama nne za mwanzo na nne za mwisho, basi.

7-Zip, programu ya kubana na kufungua faili, ndiyo rahisi kuliko zote kwa asiyependa kuandika amri. Kipakuliwa chake hakifiki MB 2, tena ni bure. Bofya kulia kwenye faili, nenda CRC SHA, chagua SHA-256. Kwenye Windows 11 upitie kwanza Show more options. Pamoja na alama utaonyeshwa ukubwa wa faili kwa baiti, na hapo ndipo tunapoipenda: ISO ya GB 6 ikisoma KB 40, umehifadhi ukurasa wa kuingilia Wi-Fi ya hoteli, hakuna haja ya kuendelea. Ila usibofye CRC-32 iliyo jirani. Ile ina herufi 8, inafaa kugundua uharibifu wa bahati mbaya, si wa makusudi. Na 7-Zip yenyewe ipakue 7-zip.org, yenye kistari.

PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, ndiyo chaguo letu. Bofya kulia palipo wazi ndani ya folda, Open in Terminal, kisha:

(Get-FileHash .\ubuntu.iso).Hash -eq "bandika alama hapa"

Jibu ni True au False. Haijali herufi kubwa wala ndogo, na usipotaja aina inatumia SHA-256. Ukipata False, kabla ya kulaumu mtandao angalia kama umebandika nafasi tupu kabla ya nukuu ya mwisho; hilo ndilo kosa la kila siku. Inahitaji PowerShell toleo 4.0 kwenda juu, kwa hiyo Windows 7 yenye toleo lake la awali haina amri hii.

Zana zote tatu hupumbazwa na jambo moja: alama iliyotoka mahali pabaya. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waligeuza viungo kwenye tovuti ya Linux Mint vikaelekeza kwenye toleo la 17.3 Cinnamon lililopandikizwa mdudu. Anayeweza kubadili kiungo anaweza kubadili na alama iliyo pembeni yake, ndiyo maana Ubuntu hutoa SHA256SUMS (faili la alama) pamoja na saini ya GPG, saini ya kidijitali ya kuthibitisha kwamba alama hizo ni zao. Fundi akikupigia Windows "iliyorekebishwa" na kukupa alama yake mwenyewe, amekuthibitishia tu kwamba faili ni lile lile alilokusudia kukupa.

Flashi za bei chee za Kariakoo zina mtihani wao. Baadhi hujitangaza GB 64 na ndani hazina hata nusu. Kunakili kunaisha bila kosa, data imeandikwa juu ya data. Ukishanakili, itoe flashi kwa Eject, ichomeke upya, ndipo uhakiki, maana bila hivyo Windows inaweza kusoma nakala iliyo kwenye RAM na kukupa True ya uongo. Kwa USB 2.0, ISO hii itachukua dakika tatu au zaidi. Flashi ikiwa imeformatiwa FAT32, faili la zaidi ya GB 4 halitaingia kabisa, tumia exFAT. Alama isiyolingana ikitoka ile ile kila ukipima, kunakili ndiko kulikoharibika. Ikibadilika kila mara, shida iko kwenye flashi au tundu lake, na kama faili liko kwenye diski ya ndani, pima RAM.