Mimea ya kuziba mapengo kwenye tuta la kivulini: nunua ipi kwanza

Kabla hujatoa hela, chuchumaa pale penye pengo uchimbe kidogo kwa kidole. Udongo una unyevu, au ni vumbi lililojaa mizizi ya mti? Kivuli cha ukutani huwa na ubaridi na unyevu; cha chini ya mti mkubwa ni kingine kabisa, kwa sababu mti hunywa maji yote na matawi yake huzuia hata mvua. Mmea unaonawiri ukutani hunyauka chini ya mti, halafu lawama anabebeshwa jua.

Nafasi ya kwanza nayapa makangaga, hasa ya jamii ya Nephrolepis. Hutoa vikonyo vyembamba vinavyotambaa juu ya udongo, na kila kikonyo kikishika ardhi huota mche mpya, kwa hiyo pengo hujiziba lenyewe. Yanataka unyevu na mboji. Yakikolea, yapunguze pembezoni kila mwaka, la sivyo yatawafunika majirani.

Kwa kivuli kikavu, makangaga yaache. Hapo chukua Chlorophytum comosum, ule mmea wa majani membamba yenye mistari myeupe ambao wengi wanaujua kwa kuning'inizwa kwenye vyungu. Mizizi yake ni minene, ina akiba ya maji, ndiyo maana husamehe wiki ulizosahau kumwagilia. Chagua chungu kilichofurika: ukirudi nyumbani kigawe kwa kisu vipande vitatu au vinne, kila kipande na mizizi yake. Umelipia kimoja, umepata tuta.

Kwa rangi, Impatiens walleriana haina mpinzani. Asili yake ni Afrika Mashariki, na huchanua kivulini miezi mingi mfululizo. Ikikosa maji hulala chini kama imekufa, mwagilia, itainuka. Tatizo lake ni ugonjwa wa ukungu. Pindua jani kabla ya kununua, na ukiona unga mweupe kwa chini, rudisha mche mahali pake hata kama maua yanavutia. Ugonjwa huo ukishakuingilia bustanini, nunua Impatiens hawkeri badala yake, maana yenyewe huustahimili.

Kaladiamu, mmea wa majani mapana ya rangi, naiweka ya nne, japo kwa uzuri wa majani ingekuwa ya kwanza. Ina kiazi chini, na kila mwaka majani hukauka, kiazi kikalala miezi kadhaa, na pengo lako likarudi palepale. Ipande katikati ya makangaga, yaifichie aibu. Majani yake pia yana fuwele zinazowasha vibaya mdomoni, kwa hiyo haifai panapochezea watoto wadogo au mbwa mtafunaji. Hosta, mmea mwingine wa kivulini unaopandwa kwa majani yake, nayo ni ya penye majira ya baridi tu. Bila baridi ya kuilaza hudhoofika mwaka hadi mwaka.

Chochote utakachochagua, chukua miche mitatu au mitano ya aina moja. Mimi niliwahi kurudi na aina saba, mmoja mmoja, na tuta likafanana na meza ya mnada. Kisha chomoa mche taratibu kwenye chungu uangalie mizizi: ikiwa myeupe na imeshika udongo, sawa, ikiwa imejizungusha kama kamba, umekaa humo muda mrefu mno. Mche mfupi wenye machipukizi mengi unaushinda ule mrefu uliokwisha chanua. Panda kwa nafasi ya sentimita 30 hivi.

Ya mwisho kabisa ni Tradescantia zebrina, yenye majani ya zambarau na fedha. Muuzaji atakuambia inaziba haraka, na ni kweli. Kila kipande cha shina kinachodondoka huota. Mimi nilipanda vikonyo viwili. Huu mwaka wa tatu bado naving'oa.