Lumix TZ90: kamera ya mfukoni kwa wajukuu na twiga

Nimechukua Panasonic Lumix TZ90, nikaiacha dukani kamera yenye namba kubwa zaidi kwenye boksi. Kijana wa duka kule Moi Avenue hakunielewa hata kidogo. "Shosho, hii Canon inavuta mara arobaini. Hiyo yako ni thelathini tu!"

Hesabu yake ni sahihi. Lenzi hupimwa kwa milimita, na namba ikikua ndivyo inavyovuta vya mbali: Canon PowerShot SX740 HS huanzia milimita 24 na kufika 960. TZ90 huanzia hapo hapo 24 na kuishia 720. Lakini hizo "mara" zinakueleza tu mwisho wa lenzi ni mara ngapi ya mwanzo wake. Hazisemi kama utamwona mnyama unayempiga. Nilimwomba kijana tutoke nje mpaka ukingo wa barabara, jua la saa saba likiwa utosini. Juani kioo cha nyuma cha kamera yoyote hugeuka kuwa cha kujitazamia: nilichoona ni miwani yangu na kilemba. TZ90 ina kijidirisha cha kuchungulia kwa jicho, SX740 haina. Ni kadogo hako kadirisha, sikatai, ila pembeni yake kuna kigurudumu cha kulinganisha na macho yako, na sisi wa umri huu tunajua thamani yake. Tena ukiibana kamera usoni, mikono haitikisiki sana, na ukivuta mpaka 720 mtikisiko mdogo tu unaiharibu picha.

Binti yangu alitaka ninunue Lumix nyingine, TZ200. Ni kamera nzuri, sina ugomvi nayo. Kihisi chake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kina eneo karibu mara nne ya kile cha TZ90, kwa hiyo picha za jioni hutoka safi zaidi. Lakini lenzi yake inaishia milimita 360, na bei inapanda. Nikamuuliza: keki ikikatwa sebuleni saa mbili usiku, nani atainuka kutafuta kamera? Wote mna simu mkononi, na simu za siku hizi zinaumudu usiku vizuri. Kamera ninayotaka ni ya kufanya lile ambalo simu hailiwezi, nalo ni kufika mbali mchana kweupe. Na mchana kweupe Nairobi tunao wa kutosha, isipokuwa Julai.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ndiyo iliyonithibitishia. Kila mtu anaijua ile picha ya twiga na maghorofa ya jiji nyuma yake, na wengi wakijaribu kwa simu hurudi na twiga kama kijiti na majengo kama meno ya kitana. Siri si kumsogelea twiga. Rudi nyuma, kisha vuta. Ukiwa mbali naye, tofauti ya umbali kati yake na mji inapungua machoni pa lenzi, na maghorofa ya Upper Hill yanakua mpaka yanasimama begani pake. Simu ikikuza zaidi ya uwezo wa lenzi zake, inakata tu kipande cha picha na kukitanua, ndiyo maana manyoya huonekana kama mchoro wa rangi za maji.

Nenda asubuhi lakini. Adhuhuri ardhi ikishika moto, hewa inacheza juu ya nyasi, na hapo hata ukivuta mara mia utapata simba anayetetemeka. Hili ndilo lililonitoa hamu ya ile 960.

Ndani ya treni ya Mombasa, kipande cha Tsavo, usivute sana. Treni inakimbia, madirisha hayafunguki. Sogeza lenzi karibu na kioo bila kukigusa, zima mweko, ongeza kasi ya kufunga lenzi ili picha isivurugike, halafu ngoja ndovu wale wekundu kwa udongo. Wajukuu wakirukaruka natumia ule mtindo wake wa kupiga picha 30 kwa sekunde, kisha nachagua moja ambayo macho ya wote yako wazi. Zinatoka na megapikseli 8 hivi badala ya 20, na kwa kuchapisha za albamu zinatosha kabisa. Kioo cha nyuma cha kamera nacho kinainuka mpaka kinatazama mbele, kwa hiyo Shosho naye siku hizi yumo pichani.

Ubaya? Kwenye mahafali ndani ya ukumbi hafifu inachoka. Lenzi ikifika mwisho, tundu lake ni f/6.4, mwanga unaoingia ni kidogo, na picha zinajaa punje. Chaji yake ni kwa waya wa zamani wa maikro-USB, kwa hiyo uwe nao kwenye begi, maana wa simu mpya hauingii.

TZ90 ilitoka 2017, kwa hiyo nyingi utakazoziona mjini ni za mtumba. Lenzi za namna hii zikitoka na kuingia hunyonya vumbi, na vumbi likishafika kwenye kihisi halifutiki kwa kitambaa. Kabla ya kutoa pesa vuta mpaka mwisho, weka tundu la lenzi f/8, piga mbingu tupu, kisha ikuze picha uitazame pole pole kona hadi kona. Ukiona madoa ya kijivu yanayokaa mahali pale pale kila picha, rudisha. Muuzaji akikuletea TZ99 ya 2025 akisema ni ile ile ila mpya, mwambie ina USB-C, ndiyo, lakini kijidirisha wamekiondoa. Afadhali uulizie TZ95, ambayo kijidirisha bado inacho. Na bei ikigoma kushuka, dai betri ya pili. Mimi nilipewa hiyo na mkoba juu.