Panzi jitu au kuvu inayoteka akili: ipi ina mashiko?
Kwenye mabanda ya video ya Mwanjelwa, hapa Mbeya, sinema za sayansi ya kubuni zinanirudishia viumbe wawili: mdudu jitu na kuvu inayoendesha watu.

Mdudu simpi nafasi. Mkuze panzi mara 10 kwa urefu, upana na kimo, uzito utapanda mara 1,000. Nguvu ya miguu hufuata eneo la mkato wake, yaani uso unaoonekana ukiukata kama gogo, nalo litapanda mara 100 tu. Atavunjika kabla hajafika kwenye mahindi ya Uyole. Miaka kama milioni 300 iliyopita, Meganeura, jamaa wa kereng'ende, alitanua mabawa hadi sentimita 65 hivi. Basi.

Kuvu ndiyo inayoninyima usingizi. Ophiocordyceps, kundi la kuvu, humwingia sisimizi, ikampandisha kwenye mmea, akang'ata jani na kufia hapo. Kisha kijiti cha kuvu kinachomoza nyuma ya kichwa. Hilo lipo kweli. Ila kuhamia kwa binadamu ni safari ndefu: kila aina imezoea sisimizi wake, na joto letu la nyuzi 37 huzishinda kuvu nyingi. Hata asubuhi ya Juni, meno yakigongana kituoni, ndani bado tunachemka.