Kurasa mbili kutoka Frankfurt: tathmini ya waraka wa taarifa za bima

Gabriel Bernardino, Mreno aliyeiongoza mamlaka ya Ulaya ya bima na pensheni tangu ilipoanzishwa Frankfurt mwaka 2011 hadi 2021, hutajwa zaidi kwa Solvency II, kanuni za mtaji wa kampuni za bima zilizoanza kutumika Januari 2016. Mimi ni wakala wa bima hapa Kampala, na katika kazi zake zote ninayoithamini zaidi ni karatasi: waraka wa taarifa uliobuniwa na mamlaka yake, ambao tangu Oktoba 2018 mnunuzi wa bima ya gari, nyumba au safari katika Umoja wa Ulaya hupewa kabla ya kutia sahihi.

Kwa kawaida waraka huo hauzidi kurasa mbili za A4, na vichwa vyake ni maswali yale yale ambayo mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, angeyauliza mwenyewe: kipi kinalipiwa fidia, kipi hakilipiwi, nilipe lini na kwa njia gani, na nikitaka kuvunja mkataba nifanyeje. Yanayolipiwa hutanguliwa na vema ya kijani, yasiyolipiwa na X nyekundu, na masharti yanayopunguza fidia na alama ya mshangao ya rangi ya chungwa. Hata ukubwa wa herufi umewekewa kiwango cha chini, jambo ambalo atalielewa upesi yeyote aliyewahi kumsomea mteja mzee mkataba ambao mambo yasiyolipiwa yamefichwa nyuma kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi.

Sifa ninayoionea wivu ni kwamba sheria inataka waraka uandikwe kwa lugha rasmi ya mahali bima inapouzwa. Kwetu Uganda Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, lakini mikataba ninayouza ni ya Kiingereza kitupu, na kazi ya kuifafanua hubaki mdomoni mwa wakala, ambaye (tuseme kweli) hulipwa kamisheni mteja anaponunua.

Kasoro zipo. Bima ya maisha haimo, ingawa ile yenye uwekezaji ina waraka wake tofauti. Kubwa zaidi, waraka hauonyeshi mteja atalipa kiasi gani, hivyo anayelinganisha kampuni mbili hulazimika kuomba bei kando na kuziweka karatasi nne mezani, ilhali nafasi ya mstari mmoja wa bei isingekosekana.