TAHADHARI: "Pakiti ya kufuma kofia za baridi, kofia tunanunua wenyewe"

Wafumaji wa Mwanza, hasa mnaoanza: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na pakiti ya sh 65,000. Ndani kuna madonge 10 ya "sufu halisi ya kondoo" ya gramu 100, sindano namba 8, karatasi ya maelekezo, na ahadi kwamba kofia 10 utakazofuma atazinunua sh 12,000 kila moja akawauzie wavuvi wa dagaa na watu wa Makete, kule kwenye baridi kali. Mzigo unakuja kwa basi, unaupokea Nyegezi ukiwa umeshalipa. Msilipe.

Uzi haufiki uzito. Donge moja mizani ya dukani inaweza kukudanganya, kwa hiyo pima yote kumi kwa pamoja: inatakiwa kilo moja kamili. Yake yanacheza kwenye gramu 700, na humo kuna bomba la boksi katikati. Kofia ya mtu mzima hula gramu 80 hadi 100, kwa hiyo donge linakatika ukiwa unapunguza vitanzi utosini. Ukichukua la pili, rangi imepishana kidogo, maana kwenye ganda (karatasi ya lebo) hakuna namba ya loti, inayoonyesha madonge yaliyopakwa rangi kwa pamoja.

Na si sufu, ni akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki. Kata kipande cha sentimita 10, kishike kwa koleo juu ya sinia la bati, kiwashe. Sufu huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, ukiondoa moto hujizimia, majivu yakasagika vidoleni. Huu wake unayeyuka, unatoa moshi mweusi, na ukipoa unaacha kishanga kigumu. Usiyetaka moto, loweka kipande kwenye jiki usiku kucha: sufu huyeyuka, akriliki utaikuta vilevile asubuhi. Akriliki yenyewe haina ubaya, kwa kofia ya mtoto inayofuliwa kila siku inafaa kabisa, ila bei yake si hiyo. Mvuvi wa usiku ndiye anaumia: sufu hunyonya unyevu mwingi na bado ikapasha joto, akriliki haiwezi hivyo, na ikishika moto wa karabai inaweza kuyeyukia ngozini.

Mtego wenyewe, hata hivyo, uko kwenye sindano. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, ya Marekani ni milimita 5. Karatasi yake inakuambia uanzishe vitanzi 88, hesabu ya sindano ya milimita 5 na uzi mnene, vitanzi 18 kwa kila sentimita 10. Hapo unapata mzunguko wa sentimita 49, unaokaa vizuri kwenye kichwa cha 55 au 56 kwa kuwa kofia huvutika. Anachotuma ni sindano za milimita 4 na uzi mwembamba. Vinaingia vitanzi 22 kwa sentimita 10, na 88 vinakupa sentimita 40, kofia ya mtoto. Zote kumi zinabana kwa sababu hiyo moja. Anazirudisha, "hazina kiwango, unakaza mkono", kisha anakuuzia darasa la marekebisho la sh 30,000. Anayejifunza anaamini, kwa sababu mkono wa mwanafunzi kweli hukaza. Faida yake iko kwenye pakiti na darasa. Kofia hana mpango nazo.

Karatasi hiyo inashauri pia kofia ikibana uipige pasi ya mvuke huku unaivuta. Msithubutu. Akriliki ikipata joto hilo inalegea moja kwa moja na hairudi.

Anayetaka kujifunza anunue donge moja Makoroboi na sindano iliyoandikwa milimita, afume kipande cha sentimita 15 kwa 15, ahesabu vitanzi vya katikati kwa rula ndipo aanze kofia. Na yeyote anayesema ana soko, anunue kofia yako moja kwanza, taslimu, kabla hujalipia chochote.

Kama hela imeshatoka, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe, ripoti namba yake kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na uchukue RB (namba ya taarifa yako) polisi. Suala la uzito lipeleke ofisi ya Wakala wa Vipimo hapa mjini. Maganda ya madonge msiyatupe, ndiyo yenye "100g" iliyochapwa.