Spotlaiti ya mkono na darubini ya usiku: moja imenifaa, ya pili nimeliwa

Kwanza mimi si mtu wa vifaa, mimi ni mtu wa bahari. Tuna boti ya mashine moja mimi na binamu yangu, twavua huko nje ya Nyali, Mombasa, na pengine twaingia mkono wa bahari wa Tudor, na kazi yetu ni usiku. Karabai imetuchosha, upepo ukizidi ni taabu, mafuta ya taa bei juu, basi nikasema safari hii nanunua taa ya kisasa yaishe.

Nikaingia duka moja mjini (jina nalihifadhi, mbele mtaelewa kwa nini), kijana wa hapo akaniwekea maboksi mawili juu ya kaunta. Moja spotlaiti ya mkono ya volti 12, 4,500. La pili darubini ya usiku, 18,000. "Ami, hizi ndo zile zile za helikopta za polisi wa Marekani," yuwaniambia hivyo bila kupepesa macho, na kweli kwenye boksi pamechorwa helikopta imeshusha mwanga chini kama nguzo. Nikalipa zote mbili. Mja na uroho wake.

Tuanze na spotlaiti. Boksi limeandikwa kandela (kipimo cha ukali wa mwanga) milioni 20. Sasa ile taa maarufu ya helikopta za polisi, Nightsun, ni kama kandela milioni 30, lakini ile ni taa ya zenoni ya wati 1,600, inakula zaidi ya ampia 50 kwenye umeme wa volti 28 wa ndege. Yangu ni halojeni ya wati 100, inakula kama ampia 8 kwenye betri ya gari. Hebu piga hesabu mwenyewe kama hizi ni ndugu. Ujanja uko kwenye hiyo kandela, haihesabu mwanga wote uliotoka kwenye taa, inahesabu ukali wa pale mwanga ulipokusanywa tu, kwa hivyo ukichonga vizuri kile kioo cha nyuma kinachokusanya mwanga hata taa ndogo inaonekana jitu, lakini milioni 20 kwa wati 100, hapana bana, hapo mwandishi wa boksi alikuwa na njozi.

Ila wallahi taa yenyewe ni nzuri. Kuna siku mashine ya jamaa yetu ilizimika usiku, akawa anachukuliwa na maji kwenda nje, simu yake inaita mara moja inakata. Tukatoka kumtafuta, giza la mwezi mchanga, mawimbi ya kusi ndo yanaanza. Binamu yangu anashika sukani, mimi nimesimama mbele na spotlaiti napiga polepole kushoto kulia, si kwa pupa, maana ukiikimbiza hiyo miale jicho halipati kitu. Mara nikaona kitu kinamemeta kama macho ya paka, kikapotea, nikarudi pale pale. Ilikuwa ile tepe ya kung'aa kwenye jaketi lake la kuokolea. Mtu mwenyewe hatukumuona mpaka tumefika karibu kabisa, tulichoona ni tepe. Kwa hivyo nyinyi mnaovaa jaketi zilizochubuka tepe ili tu askari wasiwasumbue, mjue.

Kasoro za spotlaiti: ile plagi ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari inaiva moto ikikaa dakika kumi, nikaikata nikaunga vikamata betri moja kwa moja na fyuzi ya ampia 15. Swichi imeshaanza kuota kutu, chumvi haina rafiki. Na ukikuta ukungu au rasharasha za mawimbi, mwanga wote unakurudia usoni, unaona ukuta mweupe.

Sasa hiyo darubini. Usiku ule ule nilikuwa nimeivaa shingoni kama nahodha wa meli ya kivita. Niliiweka jichoni nikaona nini? Theluji. Mavumbi meupe yanacheza. Nikajua baadaye kwamba humo ndani ni kamera ya kawaida tu na vijitaa vya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, wanauangaza mbele kisha kamera inausoma unaporudi. Kwa ukutani au uani sawa, baharini mwanga wake unagonga rasharasha za karibu unarudi, bahari yenyewe haikurudishii kitu. Na kioo chake ndani kinang'aa, ukikitoa jichoni umepofuka, macho yataka kama nusu saa kuzoea giza tena. Ningekuwa peke yangu na darubini hiyo jamaa angefika Lamu.

Wenyewe wa helikopta hawatumii kitu hiki. Rubani anavaa miwani yenye mirija inayokuza mwanga wa nyota mara maelfu, ile picha ya kijani unayoiona kwenye taarifa. Halafu chini ya pua ya ndege kuna kamera ya joto, na hii haitaki mwanga hata kidogo, inasoma joto la mwili. Na taa kubwa waweza kuiunganisha na kamera, kamera ikigeuka taa inaifuata. Yule kijana wa mabomu ya mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwaka 2013, alikuwa kajilaza ndani ya boti iliyoegeshwa uani kwa mtu, imefunikwa juu, helikopta ya polisi wa jimbo ikamuona kwa joto lake kupitia hicho kifuniko. Boti, mwanangu! Nilipoisoma hiyo nikaitazama yangu kwa jicho jingine. Lakini hata hiyo kamera ya joto ina mipaka yake, haioni kupitia kioo cha dirisha, na mtu akizama chini ya maji haimpati, na kwa joto la Mombasa kuta na mawe yakishapikwa na jua mchana kutwa, jioni mtu hajitofautishi sana nayo.

Nilirudi dukani na boksi langu. Kijana yule yule, safari hii hata hiyo "Ami" hakuna, akanionyesha kidole kwenye karatasi ukutani, mali ikishauzwa hairudi. Nikamuuliza, na hii helikopta uliyoniambia? Yuwacheka.

Spotlaiti nampa nne kwa tano, moja nimeikata kwa ile plagi. Darubini nampa moja, na hiyo ni ya begi lake, begi ni zuri. Sasa hivi watoto wanaitumia kuchungulia popo kwenye mkungu uani. Anayeitaka aniletee 6,000, betri atanunua mwenyewe.