Kibodi ya mekanika kwenye vumbi la Dodoma: uzoefu wangu

Nina steshenari karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na ukifika msimu wa kukabidhi ripoti za utafiti, kibodi haipumziki. Zile za kawaida zenye mpira chini ya vitufe zilikuwa hazifiki mbali. A na E zinafutika, spesi inakwama, ukifungua ndani hakuna cha kutengeneza. Unatupa, unanunua nyingine. Na kiangazi chetu mnakijua, vumbi halibishi hodi.

Nikahamia kwenye ya mekanika. Bei yake inanunua za kawaida kadhaa, na bado nasema inalipa. Kila kitufe kina swichi yake yenye springi. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani, yenye swichi za MX zilizoigwa na wengi, inataja mibonyezo milioni 100 kwa baadhi yake, wakati za mpira hutajwa milioni 5 hadi 10. Lakini kilichonikamata mimi ni matengenezo. Swichi ya N ilipoanza kutoa "nn" kwa kubonyeza mara moja, niliichomoa kwa kikoleo, nikapachika nyingine, mteja akiwa bado amekaa kwenye benchi. Kabla hujalipa, uliza kama swichi zinachomoka. Kuna zilizolehemiwa kwenye bodi, na hizo ni za kupeleka kwa fundi.

Aina za swichi hutambulishwa kwa rangi. Za bluu zina kelele. Kwenye ofisi ya watu wengi chukua nyekundu. Taa za rangi usizilipie.

Pesa iende kwenye vifuniko vya vitufe. Vilivyokuja na kibodi yangu ni vya plastiki ya ABS, na vilianza kung'aa mapema, hasa spesi upande wa kulia, pale kidole gumba kinapotua. Nikaweka vya PBT, plastiki inayostahimili zaidi, na ukwaru wake upo mpaka leo. Tafuta vyenye herufi ya plastiki ya rangi ya pili iliyomiminwa ndani, siyo wino wa juu. Geuza kifuniko: ukiiona rangi ya pili kwa chini, hiyo herufi haifutiki. Angalia pia tundu liwe la umbo la msalaba, ndilo linaloingia kwenye swichi nyingi.

Vumbi likizidi navua vifuniko vyote, napiga brashi kavu katikati ya swichi, naviosha kwa maji ya sabuni na kuvianika kivulini hadi vikauke kabisa. Anayeandika barua moja kwa wiki, ya kawaida inamtosha. Ila mwenzangu unayechapa kwa malipo, nunua hii, na uagize swichi chache za akiba hapohapo.